Dada Yangu Ana Saratani ya Mji wa Mimba, Nami Nina Kilo 98: Je, Unene Ndio Chanzo?

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina umri wa miaka 54, ninaishi Tabata hapa Dar es Salaam, na ninaendesha mgahawa mdogo wa chai, chapati, maandazi na supu ambao ndio uliowasomesha wanangu. Ninakuandikia kwa sababu nyumbani kwetu kumezuka mvutano unaoninyima usingizi, na kila ninayemuuliza ananijibu ama kwa hasira ama kwa kicheko.

Dada yangu, ambaye nimemfuata kuzaliwa, aligundulika mwaka huu kuwa na saratani ya mji wa mimba. Alifanyiwa upasuaji wa kuondoa kizazi, na sasa anaendelea na tiba ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Nilimsindikiza siku alipopewa majibu. Daktari alitueleza kwa upole kwamba miongoni mwa mambo yanayoongeza uwezekano wa kupata saratani ya aina ile ni uzito mkubwa wa mwili, kisha akanigeukia mimi na kuniuliza kama ninaujua uzito wangu. Nilipimwa hapohapo: kilo 98, na urefu wangu ni sentimita 158.

Niliposimulia nyumbani, wifi yangu alisema daktari ametutukana, kwa kuwa bibi yetu alikuwa mnene kuliko sisi sote na aliishi hadi uzee wa kutembelea mkongojo, ilhali jirani yetu aliyekuwa mwembamba maisha yake yote amefariki kwa saratani ya koo la chakula. Mume wangu, ambaye ananipenda na sina la kumlaumu, anasema nikipungua majirani watadhani nimeukwaa, au watasema ananinyima chakula. Binti yangu wa pili naye ameniagizia majani ya chai ya kupunguza tumbo kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni. Nilikunywa, nikaharisha, nikaacha.

Mwenyewe sijisikii mgonjwa, isipokuwa presha, ambayo ninaitumia dawa. Hedhi yangu ilikoma miaka mitatu iliyopita. Mwaka huu imenirudia mara mbili tatu, damu kidogo tu ya kuchafua nguo, na kwenye duka la dawa nilipewa vidonge vya kuikata, ikakata. Sikutia shaka, kwa sababu mwaka jana nilipima saratani ya shingo ya kizazi nikaambiwa niko salama.

Naomba unisaidie. Je, ni kweli kwamba unene unaleta saratani? Kama ni kweli, ina maana dada yangu alijitakia? Na mimi nianzie wapi, ilhali kazi yangu ni kukaa jikoni na kuonja tangu alfajiri hadi jioni?

Mama wa Mgahawa, Tabata

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa kuuguliwa, na mpe dada yako pole zangu.

Nitayajibu maswali yako yote, lakini lililo kubwa kuliko yote hukuliuliza, bali ulilitaja kwa kupita tu: damu iliyokurudia. Mwanamke ambaye hedhi yake imekoma kwa miezi 12 mfululizo hatarajiwi kuona damu tena, iwe nyingi au kidogo, nyekundu au ya rangi ya kahawia. Hiyo uliyoiona si hedhi iliyorudi. Inawezekana kabisa kwamba imetokana na jambo dogo, kama vile ukuta wa uke uliokonda kwa kupungua kwa homoni au kinyama kisicho cha saratani kilichoota ndani ya kizazi, na kwa wanawake walio wengi ndivyo inavyokuwa. Hata hivyo, kati ya kila wanawake 100 wanaotokwa na damu baada ya kukoma hedhi, takriban 9 hukutwa na saratani ya mji wa mimba, na kwa mtu mwenye uzito wako, presha, na dada wa damu aliyeugua ugonjwa huohuo, sitakubali ukae nyumbani ukihesabu kwamba umo katika wale 91.

Vidonge ulivyopewa dukani vilinyamazisha dalili, havikutibu chanzo chake. Simlaumu aliyekuuzia kuliko ninavyosikitika kwamba hakukuuliza swali moja tu: mama, hedhi yako ilikoma lini? Angeuliza hilo, angekuelekeza hospitali siku ileile.

Kuhusu kipimo cha mwaka jana, hapa ndipo wanawake wengi wanapoteleza, na ninaomba unielewe vizuri. Shingo ya kizazi ni mlango. Mji wa mimba ni chumba kilichoko nyuma ya mlango huo. Kipimo cha kupaka dawa mfano wa siki na kuangalia kwa macho, ambacho ndicho kinachofanyika katika vituo vyetu vingi, kinaangalia mlango peke yake. Majibu yako yalikuwa ya kweli, nawe ulifanya vyema kupima, lakini hayasemi lolote juu ya kilichomo ndani. Hata visababishi vya saratani hizi mbili ni tofauti: ile ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inayowapata na kuwaua wanawake wengi zaidi nchini kwetu, husababishwa na virusi vya HPV, na ndiyo maana tangu mwaka 2018 mabinti wanachanjwa nchi nzima, ilhali hii ya mji wa mimba inahusiana zaidi na homoni, na unene ni miongoni mwa vichocheo vyake vikubwa.

Kwa hiyo, wiki hii hii, usisubiri mwisho wa mwezi, nenda hospitali yenye daktari wa magonjwa ya wanawake. Kwako wewe wa Tabata, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Amana si mbali. Usiseme kwamba una matatizo ya hedhi, kwa sababu ukisema hivyo unaweza kupangwa kwenye foleni isiyo yako. Sema hivi: nina miaka 54, hedhi ilikoma miaka mitatu iliyopita, sasa natokwa na damu, na dada yangu wa tumbo moja ana saratani ya mji wa mimba. Chukua dawa zako za presha uonyeshe, na vilevile kasha la vile vidonge vya kukata damu kama bado unalo. Mara nyingi utaanza na ultrasaundi, inayopima unene wa ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Ukuta ukionekana mnene kuliko inavyotarajiwa kwa aliyekoma hedhi, au damu ikiendelea, daktari atachukua kinyama kidogo kipelekwe maabara, na hicho kinyama ndicho kinachotoa jibu la uhakika. Omba pia wakupime sukari na wakukague matiti. Jambo moja la kukutia moyo, na silisemi kwa kukubembeleza: saratani hii ina tabia ya kujitangaza mapema kwa damu, na inapokutwa ikiwa bado imo ndani ya mji wa mimba, wagonjwa walio wengi hutibiwa wakapona.

Sasa nije kwenye unene.

Daktari wa dada yako hakumtukana mtu. Mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni chombo cha Shirika la Afya Duniani chenye makao yake Lyon nchini Ufaransa, liliwakutanisha wataalamu waliopitia tafiti zaidi ya 1,000, wakahitimisha kwamba upo ushahidi wa kutosha wa kuhusisha mafuta ya mwili yaliyozidi na aina 13 za saratani. Kati ya hizo zimo za mji wa mimba, titi kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi, ovari, utumbo mpana, figo, ini, kongosho na kibofu cha nyongo. Athari ya unene hailingani katika zote. Kwa baadhi yake ongezeko la hatari ni dogo. Kwa ya mji wa mimba ni kubwa kuliko zote, kiasi kwamba kwa wanawake ambao uwiano wa uzito na urefu wao (BMI) umefika 40 na kuendelea, hatari ya aina yake iliyo ya kawaida hufikia takriban mara 7 ya ile ya mwanamke mwenye uzito wa wastani. Uwiano wako, kwa kilo na sentimita ulizonipa, ni kama 39. Kiribatumbo, yaani unene wa kupita kiasi, huhesabiwa kuanzia 30.

Namna unene unavyofika kwenye kizazi inafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ukishaielewa hutamwona daktari kuwa ni mtu wa kusema ovyo. Tumezoea kuyafikiria mafuta ya mwilini kama mzigo uliolala tu, kumbe ni tishu hai inayotengeneza homoni na kuzisambaza kwenye damu. Mwanamke anapokuwa bado anaona hedhi, estrojeni yake nyingi hutoka kwenye ovari, na kila mwezi homoni nyingine, projesteroni, huja kuutuliza ukuta wa mji wa mimba uliokuwa unakua. Hedhi inapokoma, ovari hupumzika, lakini mafuta hayapumziki: ndani yake kimo kimeng'enya kiitwacho aromatase, kinachogeuza homoni nyingine za mwili kuwa estrojeni, na kadiri mafuta yanavyokuwa mengi ndivyo estrojeni hiyo inavyozidi. Projesteroni ya kuutuliza ukuta haipo tena. Ukuta unaamrishwa kukua mwaka baada ya mwaka bila wa kuuambia basi, na katika kukua huko chembe moja inaweza kukosea njia na kuanza kuzaana hovyo. Sababu hiyohiyo, yaani estrojeni inayotoka kwenye mafuta, ndiyo inayoeleza kwa nini unene huongeza saratani ya titi baada ya kukoma hedhi.

Ziko njia nyingine zinazokwenda sambamba na hiyo. Mtu mwenye mafuta mengi, hasa ya tumboni, mwili wake hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili sukari iingie kwenye seli, na insulini iliyojaa kwenye damu huzichochea seli kukua na kugawanyika. Vilevile mafuta yaliyozidi huuweka mwili katika hali inayofanana na kuuguza kidonda kisichopona, ambapo kinga inaamka kila siku bila adui wa kupigana naye, na hali hiyo ikidumu kwa miaka inaharibu seli zilizokuwa nzima. Saratani za utumbo mpana, ini na kongosho hupata njia humo.

Wifi yako ana hoja inayostahili kujibiwa kwa heshima. Bibi yenu aliishi miaka mingi na unene wake, ni kweli, na wanene walio wengi hawatapata saratani ya mji wa mimba. Tunaposema hatari imeongezeka hatusemi kwamba kila mnene ataugua, wala kwamba mwembamba amekingwa. Na jirani yenu hayaharibu maelezo haya: saratani ya koo la chakula inayowapata watu wengi ukanda wetu wa Afrika Mashariki ni ya aina isiyohusiana na unene, na kwa aina hiyo wataalamu huangalia zaidi mambo kama tumbaku, pombe na vinywaji vya moto sana. Nikiwa hapo, na kwa kuwa wewe ni muuza chai: shirika lile lile mwaka 2016 lilisema kwamba vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya koo la chakula, kwa hiyo chai inayotoka jikoni ikifukuta iache ipoe kidogo kabla hujamwekea mteja mbele.

Kwa mume wako ningependa ayasome haya mwenyewe. Shemeji, ninaielewa hofu yako. Watu wa rika letu waliiona Dar es Salaam ya miaka ile ambapo kukonda kulikuwa tangazo la msiba, na tangu hapo tumemsifu aliyenenepa kwamba ndoa imemkubali. Lakini mke wako hajakuomba ruhusa ya kukonda. Anataka kupungua kilo 5 hadi 10 katika nusu mwaka au zaidi, taratibu, kwa mpango anaoujua, na kupungua kwa namna hiyo hata jirani mwenye macho makali atachelewa kukuona. Kupungua kunakotisha ni kule kunakokuja bila mtu kukutafuta. Huko ndiko kunakomtaka mtu akimbilie hospitali. Mpeleke mwenyewe Amana, ukae naye kwenye benchi. Kisha chukua futi ya fundi cherehani upime kiuno chako mwenyewe, maana katika zile aina 13, saratani za utumbo mpana, figo, ini na kongosho hazichagui mume wala mke.

Nimetaja kilo 5 hadi 10 kwa makusudi. Hiyo ni asilimia 5 hadi 10 ya uzito wako, na ni kiwango ambacho tayari hushusha presha na sukari kwa watu wengi. Utafiti mkubwa uliowafuatilia maelfu ya wanawake waliokoma hedhi nchini Marekani ulionyesha kwamba waliopungua asilimia 5 au zaidi kwa makusudi walipata saratani ya mji wa mimba kwa kiwango cha chini kuliko wenzao ambao uzito wao haukubadilika. Si lazima urudi kwenye mwili wa usichana. Na ile chai ya binti yako uiache kabisa: kuharisha kunatoa maji na chumvi, hakutoi mafuta, na mtu mwenye presha anayetumia dawa anaweza kuhatarisha figo na moyo wake kwa kuharisha ovyo. Mshukuru binti kwa nia yake, umwombe fedha hiyo aielekeze kwenye nauli ya kwenda kliniki.

Kuhusu jikoni, ndipo kazi ilipo. Chapati ya kusukuma hupata mafuta mara tatu: kwenye unga, wakati wa kukunja, na kwenye kikaango. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta, yawe ya alizeti au ya mawese, kina takriban kalori 120, na wewe ndiye unayekula ile chapati ya kwanza iliyoungua upande mmoja, ile iliyochanika isiyouzika, na kandokando ya andazi la kujaribu kama limeiva, kisha mchana unakaa na familia na kula chakula kamili kana kwamba tangu alfajiri hujala. Ninakushauri ule mlo wako mwenyewe, kwenye sahani, ukiwa umekaa, kabla ya kuwasha moto. Na za kuungua wekea chombo pembeni, usizitie kinywani. Mlo huo uwe na maharage au kunde, au samaki wa kuchemsha, na mboga za majani zijaze nusu ya sahani: mchicha, matembele, bamia, lolote linalopatikana gengeni. Ugali au wali ule, sikunyimi, ila usizidi ukubwa wa ngumi yako. Soda iondoke kwanza, kabla ya yote, kwa kuwa chupa moja ya kawaida ya mililita 350 inabeba karibu vijiko vidogo tisa vya sukari ambavyo havikushibishi hata kidogo.

Kutembea nako ni dawa, hata kabla uzito haujapungua, maana mazoezi peke yake yanapunguza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukupandisha pumzi kidogo. Kusimama jikoni kutwa kunachosha miguu lakini hakuhesabiki. Ukishafunga mgahawa tembea nusu saa, siku tano kwa wiki, na kama magoti yanauma anza na dakika kumi.

Umeniuliza kama dada yako alijitakia. Hapana, na neno hilo lisitamkwe mbele yake wala nyuma yake. Hakuna daktari anayeweza kuonyesha kwamba saratani ya mtu fulani ilitokana na uzito wake. Umri una sehemu, kisukari kina sehemu, na kurithi kuna sehemu. Hapo mwulizeni mama au shangazi: je, katika ukoo kuna waliougua saratani ya utumbo mpana au ya mji wa mimba kabla ya miaka 50? Ikiwa wapo, mwambieni daktari, kwa kuwa iko hali ya kurithi inayoziweka saratani hizo mbili katika familia moja na inayobadilisha namna ya kuwafuatilia watoto wenu. Tena dada yako hakunenepa peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 uliwakuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa kuzaa wakiwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, kutoka asilimia 22 mwaka 2010. Idadi ya namna hiyo haitokani na ulafi wa mtu mmoja mmoja. Inatokana na mji ambao chipsi ziko kila kona, njia za kutembelea kwa miguu hazipo, na mtu mzima anatoka usiku na kurudi usiku.

Na tafadhali, usimwanzishie mpango huu niliokupa wewe. Mgonjwa aliye kwenye mionzi anahitaji nguvu na protini ili mwili ujijenge, na kumnyima chakula wakati huu kunaweza kumdhoofisha hadi tiba ikakatizwa. Mpikie anachoweza kukila, hata kama ni uji wenye maziwa na karanga, na suala la uzito wake aliulize kwa daktari wake mwenyewe baada ya kumaliza mionzi.